Kava Mbili za Mzee Kalafatis

Lorne Pascoe hakuwahi kuvaa miwani mbele ya watu. Alikuwa nayo, sote tulijua, iko kwenye mfuko wa shati lake imeviringishwa ndani ya kitambaa, na aliitoa pale tu alipojifungia ofisini na gazeti la mbio za farasi. Kwenye karakana alikagua kazi kwa kidole gumba. Alikipitisha polepole juu ya chuma kilichotoka kupakwa rangi, kichwa kakiinamisha, macho kayafumba nusu, nasi tunasubiri kama washitakiwa.

"Jicho hudanganywa na mwanga," alikuwa akisema. "Kidole hakidanganywi."

Mimi ni Noeleen Tranter. Nimesimama kwenye kabati la kupulizia mchanga, ambamo chuma husafishwa kabla ya rangi, katika karakana ile ya kitongoji cha Elizabeth kwa miaka ishirini na miwili, na sentensi hiyo nimeisikia hadi nikawa naisema pamoja naye, midomo tu bila sauti, nyuma ya kioo changu. Najua watu wananiita mdomo. Siku hii ninayoieleza, ingekuwa heri kama ningekuwa bubu.

Kazi yetu ni rangi ya unga. Unga unatoka kwenye bunduki ukiwa na umeme, unashika chuma, chuma kinaingia kwenye tanuri, unga unayeyuka na kuwa ngozi. Rangi moja hata mlevi anaiweza. Shida ni rangi mbili kwenye kipande kimoja, hasa kipande kilichomiminwa kwenye kalibu, chenye herufi zilizoinuka. Unapiga rangi ya kwanza, unaoka. Unafunika herufi kwa utepe, unaukata utepe kwa kisu chembamba kuzifuata kingo za herufi, unapiga rangi ya pili, unabandua utepe kabla unga haujayeyuka, halafu unaoka tena. Mkono ukitetemeka kidogo tu, mpaka wa rangi utakuumbua.

Mkono wa Raelene haukutetemeka. Raelene ni binti yake Lorne, wakati ule alikuwa na miaka arobaini na mmoja, na kumi na tisa kati ya hiyo alikuwa ameimalizia kwenye meza ya kukatia utepe. Watu walileta vyuma kutoka mbali, hata mji wa Darwin, kwa ajili yake. Baba yake alikuwa akipitisha kidole juu ya kazi yake, anaguna, anasema, "Inapita." Basi. Miaka kumi na tisa ya "inapita." Mzee alikuwa na imani ile ya mgema na tembo, kwamba ukimsifu tu, atatia maji. Lakini Brenton, mdogo wake Raelene, akibandika lebo kwenye boksi bila kuikunja, mzee anampiga begani: "Angalieni kijana wangu!" Kijana mwenyewe ana miaka thelathini na sita na upara.

Brenton si mtu mbaya, nisimsingizie. Aliuza magari, magari yakamshinda, akarudi kwa baba kushika simu za ofisini. Alikuwa laini kama mkate uliomwagikiwa chai.

Mwaka ule moyo wa Lorne ulianza kumsumbua, akatangaza kuwa mwisho wa mwezi atakabidhi funguo. Hakusema kwa nani. Hakuna aliyeuliza pia, maana jibu lilikuwa limeandikwa usoni kwake. Ndipo Raelene, kwenye mapumziko ya saa nne, akaweka chini kahawa yake baridi ya boksi na kusema mbele yetu sote:

"Baba, nipime."

Lorne alikuwa anamimina sosi ya nyanya kwenye pai yake. "Nikupime nini, homa?"

"Kazi. Nipe kipande, na Brenton mpe kipande. Usiangalie ni nani, angalia kazi. Kidole chako kiamue funguo ziende wapi."

Mafundi wetu watatu wa kuning'iniza vyuma kwenye ndoano waliacha kutafuna. Brenton akacheka kama mtu aliyekanyagwa. "Da Rae, tusifike huko..."

"Haya," akasema Lorne. "Haya, mama. Umeyataka."

Kazi ikapatikana jioni ile ile. Mzee Kalafatis alileta kava mbili za juu ya injini, za gari alilolijenga mwenyewe nyuma ya nyumba yake kwa miaka kumi na moja. Kava za aluminiamu, na juu ya kila moja limeinuka jina la mkewe, DESPINA, herufi za kuchongwa kwa mkono wake. Despina mwenyewe hajawahi kupanda gari hilo, magari humtapisha. Kava moja ilikuwa ya zamani, imekaa juu ya injini tangu mwanzo. Nyingine ilikuwa mpya, kaimimina upya kutoka kwenye kielelezo kile kile baada ya pacha wa ile ya zamani kupata ufa. Alitaka chini nyeusi, jina jekundu, na alizitaka Ijumaa.

Lorne akampa Raelene ile ya zamani na Brenton ile mpya. Hakurusha sarafu. Na kila aliyekuwepo alielewa alichofanya, kwa sababu chuma cha kumiminwa, hata kiwe kizuri namna gani kwa macho, kina vitundu ndani yake. Cha zamani kimekunywa oili miaka yote hiyo. Ukikipaka rangi bila kukioka kwanza kikavu, yaani kitupu bila unga, kikipata joto kinaitapika oili ile chini ya rangi, na rangi inaota vipele.

Raelene alipiga alama yake ndani ya kava, R, kwa patasi ndogo na nyundo. Ndiyo desturi ya pale tangu mwanzo: kila mmoja hupiga herufi yake upande wa ndani usiopakwa rangi, ili kazi ikirudi na ubovu ijulikane ni ya nani. Brenton naye akapiga B, ikakaa upande.

Siku tatu Raelene alihangaika na kava ile. Aliioka kavu, ikatoka jasho la kahawia, akaifuta, akaniletea niipulize mchanga. Akaioka tena, ikatoka jasho tena. Nje upepo wa kaskazini ulikuwa unapuliza joto la digrii arobaini na tatu, ndani ya karakana yetu ya mabati kulikuwa zaidi, naye anaingia na kutoka kwenye tanuri uso mwekundu, nywele zimemganda kwenye shingo. Mara ya nne ikatoka safi.

Brenton aliniletea yake mara moja tu.

"Umeioka kavu?" nikamuuliza.

"Ya nini? Ni mpya hii, Noeleen. Haijawahi kuona oili hata kwa ndoto."

"Hata mpya ina hewa kwenye vitundu vyake. Ioke, Brenton."

"Wewe puliza mchanga wako, dada, mengine tuachie sisi."

Nikapuliza. Ningeweza kusisitiza. Sikusisitiza, na nakiri nilifanya hivyo kwa furaha.

Ijumaa Lorne alikuwa ametandika taulo mbili kwenye meza kubwa tangu jana yake: kushoto mahali pa Raelene, kulia mahali pa Brenton. Kila mmoja alaze kazi yake, aifunike, na asiiguse tena mpaka saa nne. Raelene aliilaza yake Alhamisi jioni. Mimi hufika mapema kuliko wote ili nibadilishe mchanga kabla ya joto. Saa kumi na mbili na nusu asubuhi nilikuwa nimechuchumaa nyuma ya kabati langu, Brenton akaingia. Hakuniona. Alifungua tanuri ndogo, akatoa kava yake, akaipeleka mlangoni kwenye mwanga. Niliona mabega yake yakishuka. Kuzunguka herufi P vipele vilikuwa vimejaa, vidogo vidogo, kama uso wa mtoto mwenye tetekuwanga.

Halafu akaenda kwenye meza, akaifunua ya dada yake, akaiangalia, akatukana kwa sauti ya chini. Akaihamishia kulia. Yake akailaza kushoto. Akafunika zote mbili, akazilainisha taulo kwa viganja kama mtu anayetandika kitanda cha mgonjwa, akatoka.

Mnataka kujua kwa nini sikupiga kelele pale pale. Nilifikiria. Nikajiambia: subiri, Noeleen. Mwache Lorne aisifu kazi ya binti yake angalau mara moja kwa makosa, kwa mdomo wake, mbele ya watu. Halafu tuigeuze tuone atauficha wapi uso wake. Niliona ni mpango mtamu. Asubuhi nzima nilikuwa naulamba kama pipi.

Saa nne Mzee Kalafatis akaja na bati la biskuti za Despina, zile za siagi zilizomwagiwa sukari ya unga.

"Hizi nazo mmezipaka unga nyinyi?" akatania, sukari imemjaa kwenye masharubu.

Tukacheka. Raelene hakucheka. Alisimama upande wa kushoto mikono nyuma, kavaa aproni safi. Sijawahi kumwona na aproni safi, ndiyo maana nakumbuka.

Lorne akaifunua ya kushoto. Kidole kikaanza safari yake kwenye D, kikapita E, kikapita S, kikafika P. Kikasimama. Kikarudi. Kikasimama tena.

"Vipele," akasema. "Raelene, miaka kumi na tisa. Hukuioka kavu?"

Raelene aliitazama ile kava, na rangi ikamtoka usoni. "Niliioka, Baba. Mara nne."

"Mara nne! Basi imeota vipele kwa aibu?" Mafundi wakacheka, maana ukicheka na Lorne siku yako inakwenda vizuri. "Mzee Kalafatis, niwie radhi. Hii nilimpa mtu aliyejiita fundi."

Akaifunua ya kulia.

Kidole kikaenda. Kikaizunguka S mara moja, kikaizunguka mara ya pili, taratibu, kama anavyopapaswa mtoto aliyelala. Kisha Lorne akasema, kwa sauti nisiyoijua:

"Njooni mguse. Hamtausikia mpaka. Hakuna mpaka. Mama yenu alikuwa akishona, mnakumbuka? Unatafuta mshono huuoni. Nilipomzika nilisema, mkono ule umekwenda naye, hautarudi. Nimekaa humu miaka yote hii nikiutafuta kwa watu." Kidole bado kiko juu ya S. "Umo humu. Mkono wa mama yenu umo humu. Ningekufa kesho bila kuugusa huu, ningekuwa nimekufa maskini."

Brenton aliangalia viatu vyake. Raelene alikuwa amefumba macho, na midomo yake ilikuwa inatikisika kidogo. Nikadhani anaumia. Nikadhani anaibiwa mbele ya watu na hana la kusema, na damu ikanipanda kichwani.

Lorne alikuwa tayari anafungua funguo kwenye mkanda wake. "Brenton, mwanangu..."

"Lorne, igeuze," nikasema.

"Nini?"

"Igeuze hiyo kava. Tangu lini kazi inatoka humu ndani haijasomwa alama?"

"Noeleen, rudi kwenye mchanga wako."

Sikurudi. Nilisukuma watu, nikaishika kava ya kulia kwa mikono yangu michafu, nikaigeuza juu ya taulo. Nikaigeuza na ya kushoto. Ndani ya ile nzuri kulikuwa na madoa ya oili ya miaka na R imesimama wima. Ndani ya ile yenye vipele, aluminiamu mpya inang'aa, na B imekaa upande.

Brenton akasema, "Baba, mimi..." akaishia hapo. Nami nilikuwa nimesimama kifua mbele, najiambia sasa ataomba radhi. Sasa atalia. Niliusubiri uso wa Lorne uporomoke, na kwa kweli uliporomoka, kwa muda wa kuhesabu moja mpaka tatu.

Kisha akaingiza mkono kwenye mfuko wa shati. Akatoa kile kitambaa, akakifungua kunjo kwa kunjo, akaivaa miwani.

Ndiyo siku ya kwanza tuliyomwona nayo. Ilimfanya macho yawe makubwa, mabichi, ya kizee. Akaichukua kava ya Raelene akaipeleka mlangoni kwenye jua, akaanza kuitafuta kasoro. Aliigeuza huku, akaigeuza kule, akaileta karibu na pua. Jasho lilimtoka likadondoka kwenye rangi, akalifuta kwa kiwiko, akaendelea. Dakika tano nzima, labda zaidi. Sisi tumesimama. Raelene alikuwa amefumbua macho, anamwangalia baba yake akitafuta.

"Hapa," akasema Lorne.

Alionyesha mguu wa A ya mwisho. Nikaenda nikaangalia. Hapakuwa na kitu. Mstari ulikuwa umenyooka kama ulivyonyooka pengine pote.

"Mimi sioni kitu, Lorne," akasema Mzee Kalafatis kwa upole.

"Wewe ni mteja. Mkono umetetemeka hapa."

"Na hii ya Brenton?" nikauliza. "Hii yenye tetekuwanga?"

Akaigusa ile ya vipele kwa kidole, haraka, kama anayegusa pasi. "Hili ni kosa la kalibu. Chuma kibovu. Huwezi kumlaumu mtu kwa chuma kibovu."

Kunya anye kuku, akinya bata kaharisha! "Na mkono wa mama yao?" nikamwambia. "Huo uliousema sasa hivi, umekwenda wapi?"

Lorne akavua miwani. Akaikunja, akaiviringisha kwenye kitambaa, hakuwa na haraka hata kidogo. Alijibu bila kumwangalia Raelene, ambaye alikuwa hatua mbili kutoka kwake.

"Nilisema vile kwa sababu nilikuwa sijaona vizuri."

Akamtupia Brenton funguo. Brenton akazidaka, maana kitu kikirushwa mkono hudaka wenyewe, na alipokwisha kuzidaka hakuzirudisha.

"Raelene," akasema mzee, "hii yenye vipele itoe rangi uianze upya. Pea lazima zifanane, na mteja anasubiri."

"Sawa, Baba," akasema Raelene.

Mzee Kalafatis aliliacha bati la biskuti kwenye meza na kusema atarudi Jumatatu, hana haraka. Hakuna aliyekula. Mafundi wakarudi kwenye ndoano zao. Mimi nikaenda nyuma ya kioo changu, najisikia shujaa aliyeshindwa kwa hila. Baadaye kidogo Raelene akaja na kava ya mdogo wake chini ya kwapa. Alikuwa ameshaitoa rangi kwa dawa, na uchafu umemganda mpaka viwikoni.

"Angalau wote wamejua," nikamwambia. "Brenton alizibadilisha asubuhi mapema, nilimwona kwa macho yangu. Nilitaka baba yako aisifu kwanza, halafu aumbuke."

"Nilijua ni yangu," akasema.

"Ulijua lini?"

"Alipofunua tu taulo. Naijua S yangu, Noeleen."

"Sasa kwa nini ulinyamaza? Anampa Brenton funguo, nawe umesimama umefumba macho kama uko kanisani!"

Raelene aliipangusa kava kwa ukingo wa aproni, ingawa haikuhitaji kupanguswa.

"Alikuwa anasema," akajibu. "Alikuwa bado anasema. Karakana nilishajua sitapewa, tangu aliponipa ile ya zamani. Lakini yale maneno nilikuwa nimeshayapata. Ningeyachukua nikaondoka nayo nyumbani, na yeye asingejua kamwe kama amenipa." Aliniangalia, na nilitamani anitukane. "Ungeniachia, Noeleen. Ungeniachia hayo tu."

Nikamfungulia mlango wa kabati.

Aliiweka kava ndani ya kabati, upande wa herufi juu. "Puliza taratibu hapo kwenye P," akasema. "Nitaioka kavu kwanza kabla ya rangi."

Nikafunga kioo, nikakanyaga pedali ya mchanga.